Antivirasi ya Bure Ilivyoniumbua Mbele ya Wakwe

Mliokosa gazeti la juma lililopita mmekosa kunicheka mapema, lakini msijali, kicheko bado kipo cha kutosha. Mimi ni yule yule Tobias Ooko wa Kaloleni, karani mstaafu wa stoo ya reli, mume wa Asenath na baba yake Celine, ambaye ni muuguzi kule Uingereza.

Niliwaeleza jinsi kijana anayetaka kumwoa Celine, jina lake Mutie, alivyokuja likizo ya Pasaka na kompyuta ya mapajani mkononi, zawadi kutoka kwao wawili. Aliipanga mwenyewe akiwa kwenye kochi letu, akala samaki mpaka kichwa, kisha akarudi zake kazini Uingereza. Nilimpenda. Kijana wa Kitui anayekula kichwa cha samaki bila kulazimishwa, wewe unamkataa kwa sababu gani?

Nikawaeleza pia jinsi nilivyotafuta filamu ya bure mtandaoni, na badala ya filamu nikapata virusi. Tuliachana hapo, kompyuta ikiwa mgonjwa na mimi nikiwa nimejiteua daktari.

Sasa sikieni daktari alivyommaliza mgonjwa.

Kwanza nilimpigia Celine. Alinijibu akiwa njiani kwenda kazini.

"Baba, usiweke kitu chochote. Hiyo kompyuta ilikuja na kinga yake ndani. Iwashe kinga, iache ijisasishe, halafu wewe uwache kubonyezabonyeza."

"Kinga iliyokuja nayo tu? Hiyo si kama kufuli la sanduku, la kupendezesha?"

"Baba, inatosha. Nimekuomba."

Nakiri hapo ndipo nilipokwenda kombo. Ushauri niliuelewa vizuri. Kilichonishinda ni kuambiwa "uwache kubonyezabonyeza" na mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

Siku hiyo hiyo nikaingia mtandaoni nikachagua antivirasi ya bure. Niliichagua kwa kigezo kimoja tu: ilikuwa na picha ya ngao nzuri. Ilipoingia, ile kinga ya asili ikajiondokea kimya, kama mke mkubwa aliyeona hataki maneno.

Nikubali kwamba ile ya bure haikuwa mbaya. Ilifanya kazi yake. Tatizo lake ni mdomo. Kila nikifungua kompyuta inanipongeza kwa kuwa salama, kisha inanikumbusha kwamba ningekuwa salama zaidi kama ningelipia. Niifunge, irudi. Niifunge tena, irudi na punguzo la bei.

Nikamlalamikia Opiyo. Opiyo ni ndugu yake Asenath, anakaa Lucky Summer, na hakuna jambo duniani ambalo hajawahi kulifanya kwa rafiki yake mmoja likafaulu.

"Shem, tulia," akaniambia. "Hiyo ya bure ni ya kuonja tu. Mimi nitakuletea ile ya kulipia. Ile ya wadosi, wenye pesa zao."

"Na nani atalipia?"

"Hakuna anayelipia. Imekrakiwa."

Nikamuuliza kukrakiwa ni nini. Akanieleza kwamba kuna msee fulani huvunja kufuli la programu ili isiulize mambo ya malipo, halafu anawagawia watu kwa roho safi.

"Yaani Opiyo, tunaiba programu ya kuzuia wezi?"

"Shem, usiiweke hivyo."

Sikuiweka hivyo. Niliiweka kwenye kompyuta. Opiyo alichomeka flashi yake, programu ikatuambia tuzime kwanza kinga yoyote iliyopo, tukagoma kuizima ile ya bure kwa sababu Opiyo alisema walinzi wawili ni bora kuliko mmoja. Tukabonyeza "endelea" kila mahali palipoandikwa "endelea".

Walinzi wawili wakaonana. Ile ya bure ikasema ile ya Opiyo ni virusi. Ile ya Opiyo ikasema ile ya bure ni virusi. Kila moja ikaomba ruhusa yangu imwondoe mwenzake, na mimi, kwa kuwa sikutaka kuonyesha upendeleo, nikazikubalia zote mbili.

Kompyuta ikawa nzito. Asenath alikuwa akiiwasha, anaenda kuchambua mchicha, anarudi, bado inafikiria.

"Baba Celine," akaniambia, "kabla hujaanza kuilinda hii kitu ilikuwa inafanya kazi."

Nilipokuwa nikitafuta namna ya kuipunguzia uzito, dirisha jekundu likafunguka lenyewe. Likasema kompyuta yangu imejaa uchafu, na kwamba nikibonyeza "Ruhusu" nitasaidiwa mara moja. Lilisema "tafadhali". Mimi nikiombwa ruhusa kwa adabu huwa natoa.

Nikabonyeza "Ruhusu".

*

Jumapili baada ya ibada ndiyo siku tuliyopanga kujuana na mama yake Mutie. Ni mwalimu mkuu mstaafu, mjane, mtu wa kanisa. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga na hakuweza kusafiri kutoka Kitui, kwa hiyo watoto walipanga tuonane kwa kompyuta, wao wakiwa kule Uingereza, mama akiwa nyumbani kwake, nasi tukiwa Kaloleni. Haikuwa mazungumzo ya mahari. Ilikuwa kutazamana tu, kila upande uone upande wa pili una meno.

Nilivaa koti. Asenath alivaa kitenge kipya. Opiyo alikuja bila kualikwa, akasema yeye ni fundi wa mitambo.

Kwa maajabu ya Mungu, kompyuta ikafunguka. Nikamwona Celine wangu amekaa na Mutie bega kwa bega. Nikamwona Mama Mutie, miwani puani, mgongo umenyooka kama rula.

"Shikamoo Mwalimu," Opiyo akasema.

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Mjomba wa bibi harusi."

"Bado hatujasema kuna bibi harusi," akajibu Mama Mutie, na chumba kizima kikakaa vizuri.

Lakini tulikwenda vyema. Asenath alimsifia afya, yeye akamsifia Asenath kwa kumlea binti anayesalimia. Nikasema neno juu ya reli, akasema marehemu mumewe alipenda sana garimoshi. Tukacheka. Celine alikuwa akinitazama kama mtu anayetazama mtoto akivuka barabara, na nikaanza kuona nimevuka.

Hapo Opiyo akaamua kuniongezea sifa.

"Shem, tuwaonyeshe picha za Celine akiwa mdogo. Hii kitu inaweza kuonyesha skrini yetu yote kwao."

Akabonyeza. Skrini yetu yote ikaenda Kitui na Uingereza.

Picha ya kwanza: Celine akiwa na gauni la ubatizo. Mama Mutie akasema, "Alikuwa na mashavu huyu." Tukafurahi.

Picha ya pili: Celine darasa la kwanza, hana meno ya mbele. Na pale kwenye pembe ya skrini likachomoza dirisha dogo. Nikadhani ni ile ya bure inataka kulipiwa.

Mama Mutie akasogeza uso karibu.

"Hapo chini pameandikwa Kiingereza," akasema. "Ngoja nisome. Mimi nilikifundisha. Inasema, 'Warembo wapweke walio karibu nawe Nairobi wanangoja ujumbe wako leo.'"

Asenath akanigeukia.

"Ni sehemu ya maelezo ya picha?" akauliza.

"Hapana Mwalimu, hiyo ni makosa ya mtambo," nikasema, nikalibonyeza lile dirisha niliondoe.

Halikuondoka. Lilifunguka. Likajaza skrini nzima, na ndani yake mlikuwa na dada mmoja ambaye, kwa heshima ya gazeti hili, nitasema tu kwamba kitambaa kilikuwa kimempungukia.

"Baba Celine!" Asenath akapiga kelele. "Funga!"

Nikafunga. Wakaja wawili.

"Baba, acha kuonyesha skrini!" Celine naye akalia kutoka Uingereza. "Bonyeza juu! Juu!"

Nikabonyeza juu. Juu kulikuwa na mwingine.

"Chomoa waya!" nikamwambia Opiyo.

Opiyo akaruka, akachomoa waya ukutani kwa nguvu zake zote. Hakuna kilichobadilika. Fundi wetu wa mitambo alikuwa amesahau kwamba kompyuta ya mapajani ina betri. Wale dada wakaendelea kututabasamia kwa umeme wa akiba.

Mwisho nilichukua kifuniko nikakishusha kwa kiganja, paa, kama mtu anayeua mende.

Lakini kabla hakijashuka chote nilisikia sauti ya Mama Mutie, pole kabisa: "Mutie, mwanangu, hii ndiyo nyumba uliyoniambia ni ya wacha Mungu?"

*

Asenath hakugomba. Mkeo asipogomba ujue amekwenda kutafuta maneno mazito zaidi.

"Hizo takataka zinamjuaje mtu?" akaniuliza baadaye. "Mbona mimi hazinitafutii wazee wapweke?"

"Nyar Gem," nikamwita kwa Kiluo, binti wa Gem, kama wanavyomwita kwao, "naapa sijatafuta mwanamke yeyote mtandaoni."

"Tutakwenda kwa Khadro. Atafungua tuone."

Khadro ana duka la kompyuta Eastleigh, ghorofani, kati ya duka la mapazia na duka la manukato. Asenath humfahamu kwa sababu hununua vitambaa jumba hilo hilo. Ni mama mwenye sauti kubwa na mikono yenye hina, na huongea na wateja watatu kwa wakati mmoja bila kumpoteza hata mmoja.

Nilitaka kwenda peke yangu. Asenath akasema anakuja kama shahidi. Nikamuuliza shahidi wa upande gani. Akachukua mkoba wake.

Khadro aliwasha kompyuta, akatazama, akacheka mpaka muuza mapazia akachungulia.

"Mzee, hapa ndani kuna vita! Nani aliweka hizi mbili pamoja?"

"Walinzi wawili," nikasema.

"Walinzi wawili wanapigana, na mwizi amekaa sebuleni anakunywa chai yako."

"Mama Khadro, kwanza tueleze hawa wanawake," Asenath akasema. Alikuwa amekaza mkoba kwapani.

Khadro akabonyeza mahali, akatuonyesha. "Haya ni matangazo. Kuna tovuti iliomba ruhusa ya kumtumia arifa, na mzee akabonyeza 'Ruhusu'. Basi. Hata angekuwa askofu wangemletea."

"Rudia hapo kwa askofu," nikasema.

"Hata angekuwa askofu."

Nilimtazama Asenath. Mabega yake yakashuka kidogo. Hakuomba radhi, lakini mkoba uliondoka kwapani ukakaa mapajani, na kwa mwanamke wa Gem hiyo ni hotuba ndefu.

Khadro akafuta ile ruhusa. Kisha akaweka antivirasi yake ya dukani, ile ya kweli, ya majaribio, akaiambia ipekue kila kona. Tukangoja tukinywa chai ya maziwa na iliki aliyotuagizia. Mambo yalikuwa yameanza kunyooka. Nilikuwa hata nimeanza kumweleza muuza mapazia habari za reli.

Ghafla Khadro akaacha kuongea. Kwa Khadro hilo ni tukio.

"Mzee, njoo uone. Hii si tangazo. Hii ni programu ya kupeleleza. Inapiga picha skrini yako, inasoma unachoandika, inatuma nje."

"Nje wapi?" Asenath akauliza.

"Hapo mimi sijui. Kwa mtu. Nani aliwapangia hii kompyuta?"

Aliyeipanga alikuwa mmoja. Aliketi kwenye kochi langu, akaibonyeza jioni nzima huku tukimsifia vidole vyake vyepesi.

"Mutie," nikasema.

"Baba Celine, ngoja kwanza," Asenath akasema.

"Mimi sijasema ni huyo," Khadro akasema. "Nimeuliza tu. Acha nitazame imeingiaje."

Wanawake wawili wananiambia ningoje. Msomaji, umenisoma kwa wiki kadhaa sasa. Unadhani nilingoja?

Nilikuwa nimekalia aibu ya Jumapili tangu Jumapili. Hapa Mungu amenipa nafasi ya kuirudisha ilikotoka. Nikatoa simu, nikampigia Mama Mutie, nikaweka spika kwa sababu sikio langu la kulia halisikii vizuri, na pia, nakiri, kwa sababu nilitaka jumba zima lisikie.

"Baba Celine," akasema Mama Mutie. Sauti ilikuwa baridi lakini ya heshima. "Nilikuwa nafikiria kuwapigia. Nimeomba juu ya mambo ya Jumapili, nikaona labda nilihukumu haraka."

Hapo mtu mwenye akili angesema asante, akakata simu, akanywa chai yake.

"Mwalimu," nikasema, "umehukumu nyumba isiyo yenyewe. Mwizi yuko kwako."

"Samahani?"

"Mwanao aliweka programu ya upelelezi kwenye kompyuta yetu. Anatutazama. Anasoma tunachoandika. Niko kwa fundi sasa hivi, imepatikana. Alikuja kwangu, akala samaki wangu, akatega mtego kwenye kochi langu!"

Muuza manukato alikuwa ameacha mteja wake. Hata ngazi zilikuwa zimejaa watu.

"Baba Celine," Mama Mutie akasema polepole, "una hakika na unachosema?"

"Muulize mwenyewe. Muulize amewafanyia nini watu wa Kaloleni."

"Nitamuuliza," akasema, akakata.

Nikaweka simu mezani kama mtu aliyeshinda kesi. Nikatazama watu kwenye ngazi. Nadhani hata nilitikisa kichwa kidogo, kile kitikiso cha wazee waliotendewa vibaya.

"Umemaliza?" Khadro akaniuliza.

"Nimemaliza."

"Haya. Sasa nani aliwaletea hii antivirasi iliyokrakiwa?"

Nikainamia kikombe changu cha chai.

"Kwa sababu kipelelezi kimeingia humo humo," akasema. "Kimefungwa ndani yake, kifurushi kimoja. Kompyuta ilikaa tangu Pasaka bila kipelelezi, mpaka hii ilipowekwa. Huyo kijana wenu alipanga vizuri kabisa. Hata kinga ya asili aliiwasha, ni nyinyi mlioizima."

Watu kwenye ngazi wakaanza kushuka mmoja mmoja, kwa ile adabu ya watu wanaotaka kwenda kucheka mbali.

Asenath akachukua simu yangu, akampigia ndugu yake. Spika ilikuwa bado imewaka.

"Opiyo, hiyo programu ulitoa wapi?"

"Sis, niaje! Kwani imeleta noma?"

"Ulitoa wapi?"

"Kwa msee wa huku Lucky Summer. Walai alisema iko safi. Hata yeye mwenyewe hutumia."

"Na kompyuta yake iko wapi?"

"Ilikufa. Lakini Sis, hiyo ilikuwa kitu ingine."

Asenath akakata simu, akaniangalia. Nilingoja matusi. Akasema tu, "Umemtukana mama wa watu mbele ya Eastleigh nzima kwa sababu ya Opiyo wangu." Nami sikujua kama analia au anacheka, na nadhani hata yeye alikuwa bado hajaamua.

Nikampigia Mama Mutie kuomba radhi. Haikushikwa. Nikapiga tena. Haikushikwa.

*

Khadro alisafisha kompyuta yote. Aling'oa ya bure, aling'oa ya Opiyo, aling'oa kipelelezi, akatuambia tubadilishe maneno ya siri yote, na tuyabadilishe pale pale kwa simu, kabla hajamaliza kuisafisha. Kisha akaja kwenye biashara.

"Sasa mnataka ipi? Ya bure au ya kulipia?"

"Ipi ni bora?" nikauliza.

"Mimi nauza, mzee. Unamuuliza muuza nyama kama ule mboga?" Akacheka. "Lakini Mama Celine ni mteja wa jumba hili, nitasema ukweli. Mtu mtulivu, anayefanya barua pepe na picha za watoto, ile kinga iliyokuja na kompyuta inamtosha. Ya bure ya kampuni inayojulikana, ukiitoa kwao wenyewe, nayo ni sawa, lakini moja tu. Ya kulipia inalinda na simu zenu, inazuia kurasa za matapeli kabla hujafika, na ukikwama una mtu wa kumpigia."

"Basi inayokuja nayo inatutosha," nikasema. Nilijisikia mtu wa busara. Ni yale yale aliyosema Celine, lakini sasa niliyasema mimi.

Khadro akanitazama, kisha akamtazama Asenath.

"Inawatosha watu. Huyu, chukua ya kulipia. Shida si antivirasi. Shida ni kidole chake."

Asenath akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Alicheka akafuta macho kwa ncha ya kitambaa. Ningemkasirikia Khadro, lakini nilikuwa nimekikosa sana kile kicheko.

Khadro akataka kutuuzia ya vifaa vingi na miaka mingi. Asenath akambana mpaka ikawa ya kompyuta na simu zetu, mwaka mmoja. Waliyatendea haki maneno, wale wawili, hata muuza mapazia alikaa kusikiliza.

"Na kitu kingine," Khadro akasema. "Ninaweza kumfanya mmoja wenu awe mkuu wa kompyuta, na mwingine mtumiaji wa kawaida. Mtumiaji wa kawaida hawezi kuweka programu yoyote bila neno la siri la mkuu."

"Mkuu ni mimi," Asenath akasema kabla sijafungua mdomo.

Kwa hiyo, enyi wasomaji, nimeshika funguo za stoo ya reli katika maisha yangu yote ya kazi, behewa zima halikutoka bila sahihi yangu, na leo katika nyumba yangu Kaloleni mimi ni mtumiaji wa kawaida. Nikitaka hata mchezo wa karata naomba ruhusa. Huwa nasema "tafadhali".

*

Tulifika nyumbani jua likiwa bado lipo. Nikajaribu kumpigia Mama Mutie tena. Haikushikwa. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, maneno mazuri, yenye "nimekosa" mara tatu, na hayakuwa na mtu wa kuyapokea.

"Utakwenda Kitui," Asenath akasema. "Utapanda gari, ukapige magoti pale. Na Opiyo utakwenda naye, apige magoti nyuma yako."

"Nitakwenda."

Nilisema kweli. Nilikuwa nimekumbuka sauti yake: labda nilihukumu haraka. Mwanamke mwenye nyonga mbovu alikuwa ameomba Mungu kwa ajili yetu, na mimi nikamjibu kwa spika.

Kompyuta ikalia. Celine.

Asenath akaifungua, na lo! Haikukohoa, haikukwama. Celine akatokea kama yuko chumba cha pili. Niliona hata kile kidoti cha shavuni.

"Mama! Picha imekuwa safi! Nani ametengeneza?"

"Khadro wa Eastleigh," Asenath akasema. "Na mimi ndiye mkuu."

Celine akacheka. Nikaona hajajua. Hakuna aliyemwambia niliyoyafanya. "Mutie yuko wapi?" nikauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza hali ya hewa.

"Ametoka. Alipigiwa na mama yake, wakaongea muda, akasema anaenda kupunga hewa. Hata simu ameiacha mezani. Baba, mbona unauliza hivyo?"

Nilikuwa natafuta pa kuanzia simu yangu ilipolia. Mama Mutie.

Nikaipokea mbio, kwa kidole kile kile mnachokijua, na spika ikawaka yenyewe kama ilivyozoea.

"Mwalimu, nimekosa," nikaanza. "Mutie hakufanya lolote. Ni shemeji yangu, ni kitu alichokitoa kwa watu, nilikutukana bure, nakuja Kitui nipige magoti..."

"Baba Celine, nyamaza."

Sauti yake haikuwa ile ya mgongo ulionyooka. Ilikuwa ya mtu aliyeketi chini.

"Anayepaswa kupiga magoti ni mimi. Nilimuuliza kama ulivyoniambia. Nilimuuliza neno moja tu, 'Umewafanyia nini watu wa Kaloleni?' Sikutaja kompyuta. Akaanza kulia. Mtoto wangu mkubwa hivyo, akalia. Akasema, 'Kumbe wameshajua kuhusu mtoto.'"

Asenath akashika kiti.

"Nikamuuliza mtoto gani. Akakata simu. Nimepiga mpaka nimechoka. Nyinyi ndio mliofungua hiyo kompyuta, Baba Celine. Mliona nini humo? Ni mtoto gani?"

Ndipo nikakumbuka nani yuko kwenye skrini.

Niligeuka polepole. Nilijiandaa kuona binti yangu akivunjika. Nilikuwa hata nimeinua mkono, kana kwamba ningeweza kumshika kupitia kile kioo.

Celine hakuwa analia. Hakushtuka. Alikuwa amenitazama moja kwa moja, midomo imebana, na hakuuliza mtoto gani.

"Baba," akasema, "mwambie Mama Mutie asimpigie Mutie tena. Nitampigia yeye mimi mwenyewe."

"Celine," Asenath akasema, "wewe unajua?"

Skrini ikawa nyeusi.

"Ni mtandao," nikasema haraka. "Au ni virusi. Mama Celine, labda kuna kingine kilichobaki..."

Asenath akashika kipanya, akatazama hapa, akatazama pale, kama Khadro alivyomwonyesha. Kwenye simu Mama Mutie alikuwa akiita, "Halo? Halo? Mnanisikia?"

"Mtandao upo," Asenath akasema, macho hayatoki kwenye kile kioo. "Amekata mwenyewe."